Ganda la Risasi Halidanganyi: Chemba ya Bunduki na Shaba ya Likasi

LIKASI, Haut-Katanga – Neno mitrai kila mtu hapa mjini analijua. Ni chuma chakavu, shaba ya waya uliokatika, bomba lililong'olewa kiwandani, kitu chochote kinachoweza kupimwa kwenye mizani na kulipwa. Wachache wanakumbuka kwamba kwa Kifaransa cha zamani neno hilo lilikuwa la vita: vipande vya chuma vilivyojazwa ndani ya mzinga ili kuangusha watu wengi kwa mkupuo mmoja. Likasi ni mji ambao neno hilo linafaa kwa maana zote mbili.

Ganda la risasi ni mitrai pia. Mwenye mizani akiliona anafikiria bei. Fundi wa bunduki akiliona anafikiria kitu kingine kabisa: chemba lilikotoka. Kwa sababu ganda lililofyatuliwa ni kama udongo wa mfinyanzi uliokandamizwa ndani ya chungu. Kila mkwaruzo, kila shimo la kutu, kila alama ya kisu cha mashine iliyobaki ndani ya chemba huandikwa juu yake. Bunduki inaweza kupakwa mafuta na kung'arishwa nje mpaka ikapendeza, lakini ganda halidanganyi.

Hii ni historia ya namna watu walivyojifunza kusoma maandishi hayo, na ya kwa nini mji uliojengwa juu ya shaba una haki ya kuijua.

Chemba ni nini

Chemba ni sehemu ya nyuma ya kasiba ya bunduki, pale risasi inapolala kabla ya kufyatuliwa. Kwa macho ni tundu tu lenye urefu usiofika kiganja cha mtu. Lakini ndani ya tundu hilo, baruti inapowaka, msukumo wa gesi katika bunduki ya kivita hupita mara 3,000 ya msukumo wa hewa ya kawaida. Kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ganda hutanuka na kubana kuta za chemba, likaziba kila upenyo ili moto usirudi kwenye uso wa mpigaji. Kichwa cha risasi kikishatoka, msukumo huanguka. Hapo ganda linatakiwa kujikunja tena kidogo, liachie ukuta, na ukucha wa bunduki ulivute nje.

Kazi ni hizo mbili: kubana, halafu kuachia. Kuta za chemba zikiwa na makovu, shaba laini ya ganda husukumwa ndani ya makovu hayo na kukataa kutoka. Bunduki inakwama. Mtu aliyekuwa na silaha sasa ana rungu.

Kutoka gobori hadi chemba

Babu wa babu zetu hawakuwa na tatizo hilo, kwa kuwa gobori halina chemba ya ganda. Baruti na risasi huingia kwa mdomo wa mbele na kushindiliwa kwa fimbo. Ndizo bunduki zilizomjengea Msiri dola lake la Garenganze, makao yake yakiwa Bunkeya, kaskazini ya Likasi ya leo. Pembe, watumwa na shaba zilikwenda pwani za mashariki na magharibi. Bunduki na baruti zikarudi. Neno risasi lenyewe asili yake ni jina la madini laini ya kijivu, lakini madini hayo yalitoka mbali, na mukuba ulikuwa chini ya miguu. Basi mafundi wa Katanga walifua risasi za shaba. Msiri aliuawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891, msafara wa Kapteni Stairs ulipofika Bunkeya kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili.

Wabelgiji walileta bunduki ya aina nyingine. Askari wa Force Publique kwa miaka mingi walibeba Albini, bunduki ya milimita 11 inayofunguka kwa nyuma, ikiingizwa risasi moja moja yenye ganda la chuma. Hata Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914, Albini ilikuwa bado mikononi mwao, na moshi wake mweusi uliwaonyesha adui mahali walipo. Silaha bora zilipatikana vita vikiendelea, na tarehe 19 Septemba 1916 jeshi hilo liliingia Tabora.

Lakini pamoja na ganda lilikuja tatizo la ganda. Na shule ya kwanza kali ilifundishwa mbali na Kongo.

Shaba tupu hukwama

Tarehe 25 Juni 1876, huko Little Bighorn Marekani, wapiganaji wa Lakota na Cheyenne walimshinda Custer na askari waliokuwa naye wakafa wote. Bunduki zao za Springfield zilitumia maganda ya shaba tupu. Shaba tupu ni laini. Ikitanuka, hairudi vizuri. Chemba ikiwa ya moto na chafu, ukucha ulichana ukingo wa ganda na kuliacha ndani, na askari akalazimika kulichokoa kwa kisu. Wachunguzi wa mambo ya kale waliochimba uwanja huo zaidi ya miaka 100 baadaye walikuta kwamba maganda yenye alama za kuchokolewa ni machache, kwa hiyo si kukwama kulikompa Custer kifo chake. Lakini kasoro ilikuwa ya kweli, na jeshi la Marekani hatimaye likaacha maganda ya shaba tupu.

Tarehe 17 Januari 1885, karibu zaidi na kwetu, huko Abu Klea nchini Sudan, Waingereza waliona jambo hilohilo. Bunduki zao za Martini-Henry zilitumia ganda la bati jembamba la shaba njano lililoviringishwa. Katika joto na mchanga wa jangwa maganda yalinasa ndani ya chemba, huku wapiganaji wa Mahdi wakiwa tayari wamefika kwenye mstari.

Jawabu lilikuwa ganda la shaba njano la kipande kimoja, yaani shaba kiasi cha sehemu 70 na zinki sehemu 30 katika 100. Kipande hukandamizwa na kuvutwa hatua kwa hatua, kikipashwa moto katikati ili kisipasuke, mpaka kitako kinakuwa kigumu na mdomo unakuwa laini. Ganda la namna hiyo lina tabia ya springi: hutanuka, halafu hurudi. Zinki ndiyo inayoipa shaba nguvu hiyo ya kurudi. Mtu wa Katanga hana haja ya kuagiziwa somo hilo kutoka mbali. Shaba iko Likasi, Kambove na Kolwezi. Zinki na shaba vimelala pamoja Kipushi.

Shaba ya kwenda, shaba ya kurudi

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ikayeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Miaka mitatu baadaye dunia iliingia vitani, na vita vya viwanda ni vita vya shaba: fataki, maganda, waya za simu, mikanda ya makombora. Uzalishaji wa Katanga ukapanda. Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru, hapa Likasi, mji uliowahi kuitwa Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, kilianza kusafisha shaba kwa umeme. Vita vya pili vilipokuja, mabamba ya shaba yalipanda treni tena kuelekea upande wa Washirika.

Waliochimba na kuyeyusha hawakupata sehemu yao. Bei za sokoni zilipanda, mishahara ikabaki chini. Desemba 1941 wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma, Jadotville na Élisabethville. Tarehe 9 Desemba, kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, askari waliwafyatulia risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wagomaji, aliuawa, na wengi pamoja naye. Hakuna aliyepima maganda yaliyobaki kwenye nyasi za uwanja ule. Lakini kila ganda la shaba njano ni shaba zaidi ya zinki, na watu wale walikuwa wachimbaji wa shaba.

Siku tano za Septemba

Miaka 20 baadaye risasi zililia Jadotville yenyewe. Katanga ya Moïse Tshombe ilikuwa imejitenga. Kampuni A ya Batalioni ya 35 ya Ireland, askari wa Umoja wa Mataifa wapatao 155 chini ya Pat Quinlan, walishambuliwa asubuhi ya tarehe 13 Septemba 1961 wengine wakiwa kwenye misa. Walizingirwa na jandarmeri wa Katanga pamoja na mamluki, ndege ya Fouga ikiwapiga kutoka juu. Msaada uliotumwa kutoka Élisabethville ulizuiwa kwenye daraja la Lufira. Walijisalimisha tarehe 17, maji na risasi vikiwa vimekwisha. Hakuna Mwairishi hata mmoja aliyekufa hapo. Upande wa washambuliaji hasara ilikuwa kubwa.

Anayejua Likasi anajua Septemba. Mvua haijaja, joto limepanda, na vumbi jekundu linaingia kila mahali: kwenye chakula, kwenye macho, kwenye saa ya mkononi. Bunduki nayo hainusuriki. Bunduki mpya ya Waairishi ilikuwa FN FAL, kutoka Herstal nchini Ubelgiji. Watengenezaji wake waliweka kidhibiti cha gesi, ili uchafu ukizidi mpigaji aongeze nguvu ya kusukuma mtambo nyuma. Ni ufundi mzuri. Hata hivyo nguvu ya gesi ina mpaka wake. Ganda likishikwa sana na chemba, kuongeza nguvu ni kuuambia ukucha uchane ukingo wa ganda. Usafi na ulaini wa chemba hauna mbadala.

Chumvi na kromu

Somo hilo lilirudiwa Vietnam. Mwaka 1966 na 1967 askari wa Marekani waliopewa M16 walilalamika kwamba maganda yanakwama. Baruti ilikuwa imebadilishwa, vifaa vya kusafishia vilikuwa haba, na chemba hazikuwa zimepakwa kromu. Katika unyevu wa huko, kutu ilitoboa vishimo vidogo ndani ya chemba, na shaba ya ganda ikajaza vishimo hivyo. Bunge la Marekani lilifanya uchunguzi mwaka 1967. Chemba zikaanza kupakwa kromu, chuma kigumu kisichokubali kutu.

Warusi walikuwa wamelijua jambo hilo mapema. Bunduki ya AK, ambayo vita vya Kongo vimeifanya ijulikane hata kwa watoto, ina kromu ndani ya kasiba na chemba, na ganda lake limechongoka kuelekea mbele. Likisogea nyuma kidogo tu, tayari limeachana na ukuta.

Adui mwingine ni fataki za zamani. Nyingi zilitengenezwa kwa klorati ya potasiamu, na zikiwaka huacha chumvi. Chumvi huvuta maji kutoka hewani. Bunduki iliyofyatuliwa jioni ya masika na kuwekwa pembeni bila kuoshwa inaweza kuamka na kutu. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi. Maji ya moto ndiyo huiyeyusha, kisha bunduki hukaushwa na kupakwa mafuta. Ndiyo maana askari wa zamani walifundishwa kuosha kasiba kwa maji yanayochemka, jambo ambalo kijana wa leo akiliona anadhani ni kuharibu silaha.

Jicho, kidole na ganda

Basi fundi anahukumuje? Kwanza anahakikisha bunduki haina risasi, halafu anasafisha. Chemba chafu haihukumiwi, kwa kuwa masizi hujaza makovu na kuyaficha, na mabaki ya shaba hung'aa kama chuma kizuri.

Pili, mwanga. Taa ikimulikwa moja kwa moja hudanganya. Kila kitu kinang'aa. Mwanga wa kuteleza kando ya ukuta, au uliorudishwa na karatasi nyeupe, huonyesha kivuli cha kila mfereji. Siku hizi kuna kamera nyembamba zinazoingia ndani ya kasiba, lakini zina hatari yake: hukuza picha mpaka mkwaruzo wa kawaida unaonekana kama korongo. Fundi asiyezoea hukataa bunduki nzuri.

Tatu, mwelekeo wa mistari. Mistari inayokwenda kwa urefu, kufuata njia ya ganda kutoka, haileti madhara makubwa ikiwa midogo. Mistari inayozunguka kama pete ndiyo mibaya, kwa sababu shaba huingia ndani yake na kujifunga kama nati kwenye boliti. Pete hizo huachwa na kisu cha kutanulia chemba kilichokuwa butu, au kilichobeba vumbi la chuma kwenye meno yake. Kisu kikitetemeka, huacha chemba yenye nyuso bapa badala ya duara, na ganda hutoka na nyuso hizo hizo.

Nne, vishimo. Kimoja kidogo karibu na mdomo wa ganda si sawa na mlolongo wa vishimo katikati ya mwili, mahali ganda linapobana kwa nguvu.

Tano, kipimo cha namba. Viwandani ukwaruzaji hupimwa kwa mikrometa, yaani sehemu moja ya 1,000 ya milimita, kwa sindano inayotembea juu ya uso. Kwa kuwa sindano hiyo huingia kwa shida kwenye tundu jembamba lenye mabega, mafundi hutengeneza nakala ya chemba: humimina kiberiti kilichoyeyushwa, au aloi yenye bismuti inayoyeyuka kwa joto dogo, hungoja igande, wakaitoa na kuichunguza nje kwenye mwanga.

Na mwisho wa yote, ganda. Ganda lililofyatuliwa hulinganishwa na jipya. Likiwa laini na limetoka bila kuvutwa kwa nguvu, chemba ni nzima, hata kama kamera ilionyesha mistari. Likiwa na pete, mikwaruzo mirefu, au ukingo ulioumwa na ukucha, chemba ni mbovu, hata kama inang'aa kama kioo.

Kioo si lengo

Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu akisikia kwamba ukwaruzaji ni mbaya, huchukua kitambaa na unga wa kung'arishia akasugua chemba mpaka aone sura yake. Amefanya makosa mawili. La kwanza, ameondoa chuma, na chemba iliyopanuka haiwezi kurudishwa. La pili, amesahau kazi ya kwanza ya ganda, ambayo ni kubana. Ganda linaloteleza kupita kiasi, kwa ung'avu au kwa mafuta yaliyoachwa ndani, halishiki ukuta. Nguvu yote hurudi nyuma kwenye komeo la bunduki. Chemba njema ni laini bila kuwa kioo, tena kavu wakati wa kufyatua.

Wajerumani walikwenda njia nyingine katika G3, bunduki inayofahamika mikononi mwa polisi wa Kenya. Chemba yake imechongwa mifereji ya makusudi kwa urefu, gesi ikapita humo na kulielea ganda lisishike. Maganda yake hutoka na mistari myeusi iliyonyooka. Anayeokota ganda la namna hiyo barabarani anajua aina ya silaha iliyofyatua kabla ya kuuliza shahidi yeyote.

Shahidi wa shaba

Na hilo ndilo jambo linalowagusa hata wasiowahi kushika bunduki. Tangu miaka ya 1920 wachunguzi wa jinai wamekuwa wakiweka maganda mawili chini ya darubini na kulinganisha alama zake. Kovu lililomkera fundi ndilo linalomsaidia hakimu, kwa kuwa hakuna chemba mbili zenye makovu sawasawa. Mahali ambapo watu wanauawa usiku na asubuhi kila mmoja anasema hakuona, ganda lililookotwa na kuhifadhiwa lingeweza kusema. Ganda lililookotwa na kuuzwa mitrai haliwezi.

Likasi bado ina uhusiano wake na baruti. AFRIDEX, kampuni ya serikali ya vilipuzi na risasi, iko hapa hapa mjini. Shaba bado inatoka ardhini na kupanda malori kwenda nje. Sehemu ya shaba hiyo ya dunia itakuwa waya za umeme, sehemu itakuwa magari, na sehemu itakuwa maganda.

Wazee waliofanya kazi Shituru wanajua kwamba bamba la shaba likitoka safi kwenye maji ya asidi halina jina la aliyelitengeneza. Ganda ni tofauti. Limepita mahali pa moto, na limebaki na alama ya pale lilipopita. Kwa hiyo mtoto akileta ganda nyumbani, kabla ya kuwaza mizani, mkubwa wa nyumba na aulize: limeokotwa wapi, na nani alifyatua?